Guru asiyegusa pesa wala kuzungumza na wanawake: utawa wa Swaminarayan unamsogeza kiongozi kwa nani?

Mahant Swami Maharaj, mtawa wa Kihindu aliyezaliwa mwaka 1933 mjini Jabalpur, India, hamiliki nyumba, hapokei mshahara, na nadhiri zake zinamkataza hata kushika noti mkononi. Pamoja na hayo, neno lake lina uzito kwa familia nyingi za Swaminarayan, madhehebu ya Kihindu yenye asili ya Gujarat, India, kuanzia Ahmedabad hadi New Jersey, na huku kwetu kuanzia Mombasa hadi Kampala. Taasisi anayoiongoza, BAPS, ilianzishwa mwaka 1907. Ndiyo iliyojenga lile hekalu la mawe ya kuchonga la Nairobi lililofunguliwa mwaka 1999, na ndiyo iliyofungua hekalu kubwa Abu Dhabi Februari 2024.

Wanaomsifu guru, yaani kiongozi wa kiroho, wa namna hii husema ukali wa maisha yake ndio unaomweka karibu na watu, kwa kuwa hana mke, mtoto wala biashara ya kumvutia upande. Wanaomkosoa husema ukali huohuo unamzungushia ukuta. Kwa maoni yangu pande zote mbili zina hoja nzito, na jibu linabadilika kulingana na anayeuliza: mwanamume muumini, mwanamke muumini, au kibarua anayechonga jiwe la hekalu.

Siku ya guru huanza kabla ya mapambazuko. Akishaoga hufanya ibada yake ya asubuhi, na hufanya mbele ya macho ya watu. Waumini hujaa ukumbini kumtazama akipaka alama ya sandali kwenye paji la uso na kuvuta tasbihi kimya kimya, huku nyimbo za ibada zikiimbwa. Wanaume hukaa mbele, wanawake nyuma, na wa mbali hufuatilia kwa intaneti. Baada ya hapo kuna chakula, barua, wageni, mawaidha, kisha ibada ya jioni.

Chakula chenyewe kinaeleza mengi. Watawa hawa hula katika bakuli la mbao. Wali, dengu, mboga na hata kitu kitamu vyote hutiwa humo pamoja, vikamwagiwa maji na kuvurugwa mpaka ladha ya kila kimoja ipotee. Ni nadhiri mojawapo kati ya tano: kuacha ladha, kuacha tamaa ya mali, kuacha mapenzi ya jamaa, kuacha majivuno, na useja. Siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi hufunga, wengi wao bila hata tone la maji.

Aliyewapa watu wengi sababu ya kuyaamini maisha haya ni mtangulizi wake, Pramukh Swami Maharaj, aliyekuwa guru kuanzia mwaka 1971 hadi alipofariki Agosti 2016. Alifanywa rais wa taasisi mwaka 1950 akiwa na umri wa miaka 28, na wafuasi husimulia kwamba siku hiyohiyo, sherehe ilipokwisha, alikutwa jikoni akiosha vyombo. Kwa hesabu za taasisi yenyewe, katika maisha yake alishughulikia barua zaidi ya 700,000 na kuzuru nyumba zaidi ya 250,000. Hata ukizipunguza hesabu hizo kwa nusu, bado unabaki na mzee aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kusikiliza matatizo ya watu: duka linafilisika, ndugu wamegombania urithi, mtoto amefeli mtihani, kisima kichimbwe wapi.

Mimi nazithamini barua hizo kuliko mahekalu yote aliyoyazindua, na Afrika Mashariki inaonyesha kwa nini. Madhehebu haya yalisambaa huku kupitia Wagujarati waliofanya kazi katika reli na maduka, waliokutana nyumbani kwa mmoja wao kuimba na kusoma, bila mtawa wa kukaa nao. Walilelewa kwa barua kutoka India. Yogiji Maharaj, guru wa wakati huo, alipokuja Mombasa mwaka 1955 kuzindua hekalu, alikuta jamii ambayo tayari ilikuwa na miguu yake. Idi Amin alipowafukuza Waasia Uganda mwaka 1972, familia hizo ziliondoka na masanduku machache, zikaenda kuanza upya London na Leicester. Mikutano ya nyumbani ilihama nazo. Hekalu la Neasden, London, lililofunguliwa mwaka 1995, lina mkono wa watu wengi waliozaliwa Kenya, Uganda na Tanganyika. Guru anayejibu barua aliwapa uzi wa kuwaunganisha wakati serikali iliyowatawala ilipowakana.

Ushahidi mzito zaidi upande wa guru ni wa tarehe 24 Septemba 2002. Watu wenye silaha waliingia katika hekalu la BAPS la Akshardham mjini Gandhinagar, Gujarat, na kuua watu zaidi ya 30. Mapema mwaka uleule, jimbo hilohilo la Gujarat lilikuwa limetikiswa na ghasia za kidini ambazo wengi wa waliouawa walikuwa Waislamu. Neno moja la hasira kutoka kwa Pramukh Swami lingetosha kuwasha moto tena. Aliomba utulivu na sala kwa wote, na Gujarat haikurudi kwenye mauaji ya kulipizana. Anayesema mamlaka ya guru ni hatari tupu anapaswa kwanza kuujibu mwezi ule.

Sasa tugeukie wanawake. Nadhiri ya useja, kama inavyofuatwa na watawa hawa, haiishii kwenye kutooa. Inamkataza mtawa kuzungumza na mwanamke au kumgusa. Mwanamke mwenye shida humfikia guru kwa barua, au kupitia kwa mume, kaka au mwanawe wa kiume. Sisi wa pwani si wageni wa wanawake na wanaume kukaa mbalimbali ibadani. Lakini sheikh hujibu swali la mwanamke, hata redioni, na padri wa Kikatoliki, naye mseja, humsikiliza mwanamke kitubioni. Fikiria basi mke anayepigwa, ambaye njia yake ya karibu kumfikia guru ni mume yuleyule.

Watetezi hujibu kwamba utengano huu umewapa wanawake nafasi yao: wana mikutano yao, wahubiri wao na viongozi wao, na hakuna mtawa anayeweza kuwatumia vibaya faraghani. Jibu hili nalipa uzito, hasa tukikumbuka kashfa za viongozi wa dini nyingine duniani. Ila kumlinda mtu ni jambo moja na kumpa kauli ni jambo jingine. Mwaka 1966 kundi moja lilitengana na BAPS, na suala mojawapo lililogombaniwa lilikuwa wanawake kuingia utawa. Mpaka leo watawa wa BAPS ni wanaume peke yao.

Halafu wako vibarua. Mei 2021, wafanyakazi waliotoka India kujenga hekalu la Robbinsville, New Jersey, wengi wao Wadalit, watu wa tabaka la chini kabisa India, walifungua kesi wakidai walilipwa kama dola 1.20 kwa saa na kuzuiwa kutoka. Maafisa wa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, walifika eneo hilo. Taasisi ilikana, ikisema watu hao walikuwa wamejitolea kwa imani. Baadhi ya walalamikaji baadaye walijitoa, na mwaka 2025 taasisi ilitangaza kwamba serikali ya Marekani imefunga uchunguzi wake. Hakuna aliyemshutumu guru kwamba alishika senti ya mtu. Hata hivyo, kiongozi asiyegusa pesa hutegemea wengine waziguse kwa niaba yake, na usafi wake mwenyewe haumhakikishii mchonga jiwe mshahara.

Suala la urithi wa uongozi halinisumbui sana. Guru humteua mrithi wake bila kura: Pramukh Swami alimtaja Mahant Swami mwaka 2012, na mwaka 2016 mambo yakapita salama. Ukaribu na wanasiasa unanisumbua zaidi. Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, ndiye aliyezindua hekalu la Abu Dhabi akiwa na Mahant Swami, na picha kama ile inaweza kulidhoofisha neno la utulivu siku litakapohitajika tena kama mwaka 2002.

Sitaki watawa wavunje nadhiri zao. Waliziingia kwa hiari, na bila hizo asingekuwapo mtu wa kuziandikia familia za Jinja na Kisumu. Ninachotaka kinawezekana bila kuvunja hata moja: malalamiko ya wanawake yaamuliwe na wanawake wenye mamlaka kamili, bila kupitia kwa jamaa wa kiume, na kila mahali penye ujenzi wa hekalu pawe na mkaguzi wa mishahara kutoka nje ya madhehebu.