Dawa ya nyanya ilivyomfikia baba mkwe

Jamani mie nyanya za kwenye ndoo zimenitia aibu ambayo mpaka leo nikipita Muheza nashusha kofia usoni.

Nakaa Ngamiani hapa Tanga, nyumba ya kupanga, familia nne, ua mmoja, choo kimoja (hicho choo kikumbukeni). Bei ya nyanya ilivyopanda nikasema hapana, nikatafuta ndoo kumi za rangi, zile za lita 20, nikazitoboa chini, nikajaza udongo na samadi nikapanda. Zilikuja vizuri mpaka wapangaji wenzangu wakawa wanapita wanazisalimia. Wiki ya saba naamka, majani ya chini yamekuwa njano.

Sa mimi kwa ujuaji wangu, njano si njaa? Nikatia yurea, ile mbolea ya naitrojeni, na mkono wangu haujui kijiko, konzi moja kila ndoo. Siku ya tatu mbili zimeungua kingo za majani kama zimepigwa pasi, zikafa. Jirani akanambia majivu ndo dawa ya kila kitu, nikamwaga majivu ya jikoni wiki nzima, njano ikazidi. Kila usiku natoka na tochi ya simu nainama kwenye ndoo nageuza jani moja moja, mpaka mjumbe akaja kuuliza kwa upole, "Mwanangu, hizo ni nyanya kweli?" Nikamchumia jani anuse. Harufu ya jani la nyanya haina ubishi, akaaga akaondoka.

Ikabidi nimpigie bwana shamba mmoja tuliyesoma wote. Akasema acha kumwaga vitu kaka, kwanza nambie, njano imeanza kwa majani ya zamani au machanga? Ya zamani. Jani lote au mishipa imebaki kijani? Nikaenda kuangalia, kweli bana, mishipa kijani kibichi na katikati njano tupu, jani kama ramani ya mito. Akacheka. "Hiyo siyo naitrojeni, naitrojeni jani linapauka zima zima. Hapo umekosa magnesiamu. Mmea ukiishiwa unawanyang'anya wazee unawapa watoto, ndo maana inaanza chini. Ingekuwa chuma ungeona njano huko juu kwa machanga, chuma kikishakaa kwenye jani hakihami." Nilipomtajia majivu akanyamaza kidogo. "Majivu yana potashi tele, na potashi ikizidi mzizi unashindwa kufyonza magnesiamu. Kwahiyo hiyo njaa umeizidisha mwenyewe." Dawa akasema chumvi ya haluli, hiyo ndo yenye magnesiamu, gramu 20 kwa lita ya maji, nyunyizia majani jioni.

Haluli ile ile ya kuharisha. Nikapanda baiskeli mpaka duka la dawa. Dada muuzaji, kumbe kwao Horohoro mpakani kule, bibi wanamwita nyanya.

"Ya nani kaka?"

"Ya nyanya."

"Pole. Nyanya ana umri gani?"

"Wiki nane."

Akaniangalia hivi, akaangalia pembeni, akauliza kama nyumbani kuna mtu mzima anayeweza kuja. Kuelewana ilichukua muda, foleni nyuma yangu inacheka.

Nikarudi na pakiti ya gramu 100. Hapo ndo nilipojiroga. Nikaona kupima gramu 20, gramu 20 ni usumbufu, nikaimimina yote kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, nikatikisa ikayeyuka ikawa nyeupe kabisa kama maji ya kunywa, nikasema ntazimua baadae. Sikuandika kitu. Nikaiweka jikoni chini ya meza nikaenda swala ya Ijumaa.

Siku hiyo maji ya bomba yamekatika toka alfajiri, na baba mkwe kaingia kutoka Muheza bila taarifa, kanzu yake nyeupe, gunia la machungwa begani kwa kijana. Mke wangu anataka kumtengenezea juisi ya ukwaju, hana maji, anainama, anaona chupa imejaa. Mnaelewa.

Nafika mzee yuko kwenye mkeka anamalizia glasi ya pili. "Ukwaju wenu una uchungu kidogo," ananambia, "lakini tangawizi imeuficha." Nami nachekacheka, karibu baba, karibu. Baadae naenda jikoni kuchukua dawa yangu, naona chupa iko tupu juu ya ndoo ya taka. Miguu iliisha nguvu. Nikapiga hesabu kwenye simu, glasi mbili ni karibu gramu 30, hiyo ni dozi ya mtu aliyefunga choo, na mzee alikuwa hajafunga chochote.

Nikarudi sebuleni nimkute, mkeka mtupu, kofia imeanguka mlangoni.

Tanga wanasema waja leo waondoka leo. Mzee hakuondoka. Hiace za Muheza zilipita mpaka ya mwisho, yeye yuko chooni, na foleni ya wapangaji nje na makopo yao, mmoja anagonga anajibiwa kwa kukohoa. Kila akitoka nampa ORS ya kurudisha maji mwilini, anakunywa, hatua sita, anageuza. Usiku nikaona nikiri tu. "Baba, ile ilikuwa dawa ya nyanya."

Akanitazama sana. "Na mie nafanana na nyanya?"

Mke wangu hakusema na mimi siku nne. Nyanya nikazinunulia haluli nyingine, safari hii nikapima, na chupa nikaiandika kwa maka peni pande zote. Yale majani ya njano hayakurudi sawasawa ila mapya yalitoka kijani safi, nikavuna kwenye ndoo nane zilizobaki.

Mzee bado anatutembelea. Nyanya anakula bila shida, ila maji anakuja nayo mwenyewe kutoka Muheza, na chupa anakaa nayo mapajani.