Dalmatian: nasaba safi, mkojo wenye vijiwe

Mwaka 1973 huko Marekani, mtaalamu wa jeni Robert Schaible alipandisha Dalmatian, mbwa mweupe mwenye madoa, na Pointer, mbwa wa kuwinda, mara hiyo moja tu. Vizazi vilivyofuata vyote akavipandisha na Dalmatian. Alichokitafuta ni nakala nzima ya jeni moja ambayo Dalmatian wote wa nasaba safi walikuwa wameikosa, ile inayosaidia mwili kushughulikia asidi ya yuriki. Kwa kuikosa, mkojo wao hujaa asidi hiyo na baadhi yao hufanya vijiwe kibofuni. Madume ndio huumia zaidi: kijiwe kikiziba njia, mbwa huinua mguu, hujikamua, hatoi hata tone. Asipowahishwa kwa daktari, hufa.

Mwaka 1981 American Kennel Club, shirika linalosajili mbwa wa nasaba Marekani, ilikubali kusajili mbwa wawili wa Schaible wa kizazi cha tano. Wanachama wa klabu ya Dalmatian wakapinga, usajili ukasitishwa, na mlango haukufunguliwa tena hadi 2011. Miaka 30.

Waliopinga hawakuwa watu wasiojali mbwa. Kwao, kitabu cha nasaba ni ahadi kwa mnunuzi: anajua babu na bibi wa mbwa wake ni akina nani na waliugua nini. Wazalishaji makini hupima usikivu wa kila mtoto kabla ya kumtoa, jambo ambalo anayezalisha mbwa kibiashara tu hahangaiki nalo. Walisema pia kwamba si kila Dalmatian hupata vijiwe, kwamba maji mengi na chakula kisicho na maini wala figo husaidia, na kwamba damu ngeni huweza kuleta maradhi mengine. Hoja hizi zina uzito. Hata hicho kizazi cha tano kisingethibitishwa bila watu wanaotunza kumbukumbu.

Ila chakula hupunguza hatari tu, kasoro inabaki palepale na kurithishwa. Na hapa ndipo utetezi wa usafi unapokwama: uwe mwangalifu kiasi gani, huwezi kuchagua jeni ambayo hakuna mbwa hata mmoja kitabuni anayo. Lazima itoke nje. Tangu 2008 jeni yenyewe imetambuliwa, inapimika, kwa hiyo hofu ya kuingiza mgeni bila kujua anachobeba imepungua sana.

Linaloniumiza zaidi ni suala la mabaka, ambalo halihitaji damu ngeni hata kidogo. Dalmatian huzaliwa mweupe, madoa hutokea baadaye. Lakini wapo wanaozaliwa na baka kubwa jeusi, mara nyingi kichwani au sikioni. Uziwi ni tatizo kubwa la mbwa hawa, unaohusiana na weupe wao, na watoto wenye baka huwa na uwezekano mdogo wa kuwa viziwi. Pamoja na hayo, kanuni ya maonyesho ya Marekani humwondoa mashindanoni mbwa mwenye baka. Wazalishaji wanaofuata medali huwaacha hao nje ya uzazi, kizazi baada ya kizazi, na kuendeleza wenzao walio katika hatari kubwa zaidi.

Anayetetea kanuni atasema Dalmatian asiye na madoa yaliyotengana si Dalmatian. Nakubali kwamba kila aina inahitaji sura yake. Lakini baka linaweza kupunguziwa alama kama dosari nyingine, bila kumfukuza mbwa uwanjani. Klabu zenyewe ndizo zilizoandika kanuni hiyo, na kuibadilisha ni suala la kura ya wanachama wao.