Siku Niliyomrudisha Bibi Dukani

Nianze kwa kukiri, maana mke wangu ataisoma hii na nisiposema mimi atasema yeye: ule mzigo niliununua kwa sababu ulikuwa rahisi. Hakuna sababu nyingine. Nilitaka vihifadhi vya sarafu zangu, nikapanga bidhaa zote kuanzia bei ya chini kabisa, nikachukua ya kwanza, nikajiona mjanja. Najua wahenga walisema rahisi inavunja upishi. Mimi sikuwa napika.

Ndani ya boksi mlikuwa na vifuko 100 vya plastiki laini, kadi 100 zenye kidirisha katikati (zile unazikunja, sarafu inabaki ndani, unabana kwa stepla), na kapsuli 20 za mviringo zilizoandikwa "40 mm". Lakini kabla sijaona chochote, harufu ilitangulia kutoka. Unaijua harufu ya pazia jipya la bafuni? Hiyo hiyo, ila hili pazia lilikuwa na hasira. Mke wangu akauliza kutoka chumba cha pili, "Baba watoto, umenunua mpira wa kumwagilia?"

Kapsuli nilizitaka kwa ajili ya Bibi. Bibi ni thaler ya fedha ya Maria Theresa, yule malkia aliyeitawala Austria, na ndiye sarafu ninayempenda kuliko zote. Ni mnene, ana shela kichwani, ana gramu 28, na upana wake ni kama milimita 40. Ameandikwa 1780, mwaka aliofariki malkia mwenyewe, lakini hiyo isikutishe: thaler hizi ziliendelea kutengenezwa miaka na miaka baada ya hapo, zote kwa tarehe ileile. Kwa hiyo huenda Bibi wangu ni mdogo kuliko baba yangu. Hatulizungumzii hilo mbele yake.

Basi nikamchukua Bibi, nikamweka juu ya kapsuli. Hakuingia. Nikamgeuza. Hakuingia. Nikachukua rula, nikapima, na ndipo nikaelewa: milimita 40 zilikuwa za nje, pamoja na ukuta wa kapsuli. Ni kama kuuziwa kiatu kilichopimwa pamoja na soli na kisigino.

Nikahamia kwenye kadi. Nilibana sarafu moja ya shaba, isiyo na thamani, kwa ajili ya majaribio. Pini zikatokeza upande wa pili kama miiba ya nungunungu. Mkusanyaji yeyote atakwambia pini hizo hulazwa kwa koleo, la sivyo zinachana kadi ya jirani, na sarafu ya jirani pia. Nikazilaza. Kidirisha kikapasuka. Nikajaribu ya pili. Kidirisha kikang'oka chote, kikanigandia kwenye kidole gumba, na kwa dakika nzima nilikuwa mtu mwenye dirisha kidoleni.

Vikabaki vifuko, na hapo ndipo roho iliponidunda. Plastiki laini yenye harufu ile mara nyingi ni PVC. PVC yenyewe ni ngumu, kwa hiyo wanaichanganya na kemikali za kuilainisha, na kemikali hizo hazitulii. Taratibu zinatoka, zinaipaka sarafu utelezi wa kijani, na plastiki nayo ikichakaa inatoa asidi inayokula shaba na fedha. Ukiwahi, asetoni halisi itausafisha utelezi. Ukichelewa, unabaki na alama za kudumu. Nikamwangalia Bibi. Bibi akaangalia pembeni, kama alivyochongwa.

Nilipaswa kurudisha mzigo palepale. Lakini nilitaka ushahidi. Kuna kipimo cha mkemia Friedrich Beilstein, cha mwaka 1872: unachoma waya wa shaba mpaka uwe mwekundu, unaugusisha kwenye plastiki, unaurudisha motoni. Moto ukigeuka kijani, humo kuna klorini, na kwa mfuko kama huu mshukiwa wa kwanza ni PVC. Moshi wake si wa kuvuta, hufanyiwa nje au penye hewa ya kutosha. Mimi nilifanyia jikoni.

Moto ulikuwa wa kijani kizuri sana. Nilipiga kelele za furaha, "Kijani! Kijani!" huku king'ora cha moshi nacho kikishangilia kwa namna yake, na binti yangu akikimbilia nje amembeba paka.

Nilipotulia ndipo nikasoma masharti ya kurudisha: bidhaa iwe kamili, na isiwe imetumika. Nilikuwa na vifuko 99, kimoja kikiwa mkaa. Kadi 98. Nikaandika barua ya malalamiko ya kurasa mbili, nikaeleza kuhusu rula, kuhusu nungunungu, kuhusu Beilstein. Nikapiga na picha: Bibi ndani ya kifuko, ili waone plastiki yao ilivyo na ukungu. Nikafunga boksi kwa gundi ya karatasi tabaka nne, nikalituma, nikalala usingizi wa mtu aliyetendewa haki.

Siku ya tatu binti yangu akauliza, "Baba, Bibi yuko wapi?"

Tulihamisha kochi. Tulitikisa viatu. Nilimhoji paka. Mke wangu alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akiniangalia napekua mfuko wa takataka, kisha akauliza kwa upole wa kutisha, "Ile picha uliyompiga, ulimtoa baadaye?"

Nikapiga simu kwa muuzaji. Akapokea dada mwenye sauti ya upole.

"Dada yangu, nimemsahau Bibi ndani ya mzigo."

Kimya. "Bibi yako, ndugu mteja?"

"Ndiyo. Wa 1780."

Kimya kirefu zaidi. "Pole sana, ndugu."

"Hapana, yupo! Ni wa fedha. Yuko kwenye kifuko kimojawapo."

"Kipi?"

"Hivyo vyote vinafanana, dada. Hilo lipo ukurasa wa pili wa barua yangu."

Niseme ukweli, walinitendea wema. Walipekua vifuko 99 mpaka wakampata. Pesa zangu wakarudisha, wakikata ya kadi mbili na ya "kifuko kimoja kilichoungua, sababu haikueleweka". Iliniuma hiyo. Sababu niliieleza kwa aya tatu.

Wiki iliyofuata ikaja bahasha. Nikaifungua kwa mikono inayotetemeka, nikasalimiwa na harufu ya pazia la bafuni. Bibi alikuwa ndani ya kifuko kilekile. Kifuko kilikuwa kimebanwa katikati ya kadi kubwa kwa pini sita, zote zimetokeza. Chini yake palikuwa na vifuko vingine kumi na kikaratasi: "Zawadi kwa mteja wetu mpendwa."

Nikaenda kutafuta koleo na asetoni. Binti yangu akabaki mezani anamchungulia Bibi kupitia ule ukungu.

"Mama," akaita, "Bibi karudi, lakini wamemfunga."