Kutoka yuniti kwenda darasani si kupanda cheo

Watu wakisikia kwamba zamani nilikuwa msaidizi kwenye yuniti ya watoto wenye mahitaji maalum na saa hii nafundisha P.2, yaani darasa la pili la praimari, hapa Busia, hongera wanayonipa ni ileile, ati sasa umekuwa mwalimu kweli. Wanasema kwa roho safi, shangazi yangu mpaka alichinja kuku. Lakini mi sikubaliani na hiyo hongera na nataka nieleze kwa nini, manake nyuma yake kuna fikra inayoumiza watoto wengi hapa Uganda.

Fikra yenyewe ni kwamba kule yuniti unalea tu, unafuta mate, unapeleka mtoto choo, unamlisha, halafu ukivuka uwanja kuingia kwenye madarasa mengine ndo unaanza kufundisha. Sasa njoo darasani kwangu uone. Wamejaa mpaka mlangoni, na katika hao wanaoitwa wa kawaida kuna anayenigeuzia sikio moja kila nikiongea, kuna anayeinamia daftari mpaka pua inagusa karatasi, kuna mwenye ualbino ambaye jua la dirishani linamfunga macho asione ubao kabisa, kuna aliyefanyiwa operesheni ya maji kichwani akiwa mchanga pale hospitali ya watoto ya CURE, Mbale, leo anacheza anaongea vizuri tu lakini ukimpa maagizo matatu kwa pamoja anabaki na la mwisho. Hakuna hata mmoja aliyekuja na karatasi ya kunieleza. UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, ilipoanza 1997 iliwaingiza hawa watoto shuleni na mimi nashukuru sana kwa hilo, ila mwalimu aliyewapokea hakufundishwa kuwatambua.

Mimi kuwatambua nilijifunzia yuniti. Kule hukai mbele ya darasa ukaongea, unakaa na mtoto mmoja, chini kwenye mkeka, unamtazama. Kunawa mikono tu tulikuwa tunakugawa vipande: kufungua maji, kulowesha, kushika sabuni, kusugua, kusuuza, kukausha. Mtoto anafanya kipande kimoja mwenyewe na vingine unamsaidia, akikiweza mnaongeza cha pili, na unaandika kila siku amefika wapi. Picha za ratiba tulichora kwenye maboksi ya sabuni tukabandika ukutani, hii ni uji, hii ni kusoma, hii ni nyumbani. Sasa nikifundisha kutoa kwa kukopa P.2 nafanya kitu kilekile, nagawa vipande, natafuta ni kipande gani kimemshinda huyu, na mara nyingi unakuta hesabu anajua kabisa, kinachomshinda ni kunakili kutoka ubaoni. Ubaoni penyewe naandika herufi kubwa na siongei nikiwa nimewapa mgongo, manake yule wa sikio moja anasoma midomo yangu hata kama hakuna aliyemfundisha, naita jina kwanza ndipo niulize swali, halafu nasubiri. Kusubiri ndo kazi ngumu kuliko zote. Mwalimu mgeni anaona mtoto amenyamaza anarukia mwingine, kumbe yule alikuwa njiani anakuja na jibu.

Halafu kuna kifafa, na hapa naomba kila mwalimu asome polepole. Mtoto akianguka darasani wenzake wanakimbia, hata watu wazima wanakimbia, wanasema ukigusa lile povu utaambukizwa. Si kweli. Kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa povu wala kwa kula sahani moja. Ondoa madeski karibu, weka sweta chini ya kichwa, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, usimkandamize, angalia saa, ikipita dakika tano au akianguka tena kabla hajaamka mkimbize hospitali. Akiamka atakuwa amechoka na pengine amejikojolea, mfunike kabla watoto hawajaanza kucheka. Mambo haya sikuyasoma chuoni, nilionyeshwa na mama mmoja wa yuniti ambaye hana cheti chochote, na ninaamini kuna watoto ambao wangebaki shule kama walimu wao wangekutana naye mapema. Manake mtoto wa kifafa haachi shule kwa sababu ya kuanguka, anaacha kwa sababu ya siku inayofuata, vile anavyotazamwa.

Na kutomtambua mtoto mapema kunaenda mpaka mtihani. UNEB, baraza la mitihani la Uganda, wana utaratibu mzuri kwenye PLE, mtihani wa kumaliza praimari, kuna muda wa ziada, kuna karatasi za breli na za maandishi makubwa, kuna mkalimani wa lugha ya alama, kuna mtu wa kumwandikia asiyeweza kushika kalamu. Lakini shule ndo inatakiwa kumsajili mtoto kwamba ana hitaji, mapema. Sasa kama P.2 hakuna aliyeona, P.4 wakasema ni mvivu, P.6 wakasema ni mkaidi, nani atamwandikisha P.7? Haki iko kwenye karatasi na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 ipo, lakini inamfikia tu mtoto ambaye mtu fulani alimtazama vizuri.

Ndo maana nasema kila anayesomea ualimu afanye mazoezi yake ya kwanza kwenye yuniti, terimu nzima, na si kwenda kupiga picha na kugawa biskuti. Chuo Kikuu cha Kyambogo wanafundisha elimu maalum miaka mingi, tangu enzi za UNISE, taasisi ya taifa ya elimu maalum, kabla haijaunganishwa kuwa sehemu ya chuo kikuu hicho 2003, kwa hiyo utaalamu tunao hapa nyumbani. Shida ni kwamba umebaki kwa wanaochagua kozi hiyo, wakati watoto wako kila darasa.

Na kuna jambo linanikera kuhusu digrii. Sera ya Taifa ya Walimu ya 2019 inataka kila mwalimu awe na digrii, hata wa nasari. Siipingi, mwalimu wa praimari ameonwa mdogo muda mrefu mno na mimi mwenyewe nasoma wakati wa likizo. Mi nilipitia Gredi III, cheti cha ualimu wa praimari, miaka miwili baada ya O level, nikamudu ada kwa shida, lakini njia ile ndo inafungwa. Yule mama aliyenifundisha kifafa ataingilia wapi? Hana ada ya chuo kikuu, ana watoto wake, na mshahara wake si wa serikali, ni michango ya wazazi ambayo terimu nyingine haitoshi. Anajua kumtoa mkojo kwa mpira mtoto wa spina bifida, aliyezaliwa uti wa mgongo haujafunga vizuri, kila baada ya saa chache bila kumletea maambukizi na bila kumwaibisha, kitu ambacho wengi wenye digrii wangeogopa hata kukiangalia. Chuo kikimpima kwa vitendo, kikamhesabia miaka yake kama sehemu ya masomo, tutapata mwalimu mzuri sana. Asipohesabiwa ataendelea hivyo mpaka azeeke na hakuna atakayemwita ticha.

Kwa hiyo wenye kupanga mitaala ya UNITE, taasisi ya taifa ya kuandaa walimu, anzeni na hawa wasaidizi. Nendeni yunitini asubuhi kabla ya uji, kaeni mkekani, muulizeni kila mmoja anafanya nini na kwa nini, muandike.