Pikipiki ya theluji: uchovu uko pale inaposimama

Waliozoea snomobili, mashine ya theluji yenye ski mbili (vibao vya kutelezea) mbele na mkanda mpana nyuma, husema pikipiki ya theluji ni kazi nyepesi. Waliotoka kwenye motokrosi, mbio za pikipiki kwenye njia za udongo zenye vilima, huipanda wakidhani wanaijua, na saa mbili baadaye wako hoi. Wote wana hoja, ila kila mmoja anapima kitu chake.

Chombo chenyewe ni pikipiki ya motokrosi, mara nyingi ya cc 450, iliyoondolewa magurudumu: mbele imefungwa ski moja, nyuma mkanda wa mpira wenye meno. Kutoka kilo 110 hivi, uzito hupanda hadi kati ya 130 na 150. Snomobili ya milimani kwa kawaida huzidi kilo 200. Dereva wake akitaka kukatiza ubavu wa mlima, lazima asimame upande mmoja, ailaze na kuishikilia isirudi, huku mabega na kiuno vikibeba vuta nikuvute yote hiyo. Pikipiki hulala mara tu unapoiegemea. Kwa mwendo, basi, sioni ubishi: pikipiki ni nyepesi.

Hata mbele ya motokrosi ina nafuu. Theluji laini humeza mishtuko, na vigasha, ambavyo kwenye motokrosi hujaa na kukakamaa mpaka vidole vishindwe kuvuta klachi, hupumua. Madereva wa motokrosi waliopimwa mapigo ya moyo wameonekana wakikaa karibu na asilimia 90 ya kiwango chao cha juu, au kupita hapo, kwa sehemu kubwa ya mbio. Na katika ubingwa wa dunia, MXGP, mbio moja ni dakika 30, kisha mizunguko miwili ya mwisho. Kupanda milima kwa pikipiki ya theluji hakuushiki moyo hivyo bila kuuachia. (Mashindano ni jambo jingine. Mwaka 2017 mchezo huu ulipoingia X Games, mashindano ya michezo ya kuthubutu, huko Aspen, Marekani, ulikuwa wa njia iliyoshindiliwa na ya kuruka. Hapo ni motokrosi ya baridi.)

Tabu huanza chombo kinaposimama. Ukipunguza mwendo penye theluji ya kina, mkanda mwembamba huzama, injini huzimika, na mguu unaoutoa ili kujishikiza haupati pa kukanyaga. Gia ya kurudi nyuma hakuna. Unashuka, unazama hadi mapajani, unachimba, unailaza pikipiki, unaburuta mkia wake hadi kwenye theluji ngumu kidogo. Kilo 140 juu ya sakafu mtu huziinua. Ukiwa umezama nusu mwili, huna hata pa kusukumia. Tena kwenye mwinuko wa mita 3,000 hewa ni pungufu kwa takriban theluthi moja, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Kwa hiyo chombo hukwama kirahisi zaidi palepale ambapo mapafu yako yana akiba ndogo kuliko kawaida. Ukimaliza kuchimba umelowa jasho, na baridi inakusubiri.

Wenye snomobili hujibu kwamba chao kikizama ndiyo balaa, kinahitaji watu wawili au watatu. Ni kweli. Lakini upana wa mkanda na nguvu ya injini humwokoa dereva mara nyingi kabla hajazama, wakati mgeni wa pikipiki hukwama mara kumi kwa asubuhi moja.

Ninachokiona kizito zaidi katika ulinganisho huu ni nafasi ya ujuzi. Kwenye motokrosi, ukiwa hodari unakwenda kasi zaidi, na moyo unabaki juu vilevile. Kwenye theluji, hodari hasimami, na asiposimama hachimbi. Siku hiyohiyo, mlima huohuo, yeye na mgeni wake wamefanya kazi mbili tofauti kabisa. Anayetoka motokrosi namshauri asihangaike na vigasha. Afanyie mazoezi mapaja, mgongo na pumzi ya kupanda mlima kwa miguu, na siku za kwanza aende na mwenzake wa kumsaidia kuvuta.