Kutoka ukumbini hadi kitini: muziki wa kielektroniki wa miaka ya 1990 ulipata nini, ukapoteza nini?

Jalada la mkusanyo wa Artificial Intelligence ("akili bandia"), uliotolewa mwaka 1992 na lebo ya Warp ya Sheffield, Uingereza, linaonyesha roboti aliyejilaza kwenye kiti cha sebuleni. Sakafuni zimetapakaa santuri, zikiwemo za Kraftwerk na Pink Floyd. Ujumbe ulieleweka: huu ni muziki wa kielektroniki wa kusikiliza ukiwa umekaa. Tangu hapo wapenzi wake hawajaafikiana. Wapo wanaosema kuondoka kwenye ukumbi wa dansi ndiko kulikoupa pumzi. Wengine wanaona uliwageuzia mgongo waliouzaa, halafu ukajipachika sifa ya akili.

Lawama hiyo ina uzito. Melodi na hisia hazikuanzia Sheffield. Derrick May wa Detroit, Marekani, alishatoa Strings of Life mwaka 1987: piano na vinanda vinapandana, mstari wa besi haumo kabisa, na bado kibao kiliinua kumbi nzima. Wanamuziki weusi wa Detroit waliunganisha simanzi na ngoma bila kumwambia mtu aketi. Kuuita muziki wa waliofuata nyayo zao "wenye akili" ni kudokeza kwamba ule wa kuchezwa hauna. Jina hilo la "wenye akili" lilikuwa kosa, na sioni namna ya kulitetea.

Hata hivyo, kiti kilitoa nafasi ambayo ukumbi haukuwa nayo. Santuri ya inchi 12 ikikatwa kwa sauti nene ya klabu, katika mizunguko 45 kwa dakika, huanza kupoteza nguvu upande mmoja ukizidi dakika 12 hivi. CD ilibeba dakika 74 na zaidi. Kundi la Global Communication liliitumia nafasi hiyo katika albamu ya 76:14 (1994), ambayo nyimbo zake hazina majina ila urefu wake kwa dakika na sekunde. Ukumbini, kiki (ngoma nzito ya mapigo) inayogonga zaidi ya mara 120 kwa dakika huifunika kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) inayoingia taratibu.

Na kodi hizo zinataka utulivu. Chukua osileta mbili (vizalisha sauti vya kinanda cha kielektroniki) kwenye noti moja, ya pili uiteleze kwa senti 5 hadi 10 (senti 100 ni nusu toni). Sauti ipande kwa sekunde 2, ififie kwa 4. Kisha iyumbishe kidogo, mara moja kila sekunde 2, kama kaseti iliyochoka. Ukizidisha, msikilizaji ataona ala imeharibika. Kinachowaangusha wengi ni mwangwi: ukiachwa ubebe sauti nzito, unalala juu ya besi na mchanganyiko mzima unakuwa uji. Ondoa kwenye mwangwi kila kilicho chini ya hezi 200, wakati mwingine hata 300.

Uchache wa vifaa nao ulisaidia. Akai S950 ilikuwa sampla (mashine ya kunasa na kupiga vipande vya sauti) ya biti 12 yenye kumbukumbu ndogo, kwa hiyo watu walirekodi santuri ikizungushwa kasi, kisha wakaishusha ndani ya mashine. Nafasi iliokolewa, na sauti ikabaki na chengachenga zinazoipa joto.

Wala si kweli kwamba waliokaa waliwatupa waliosimama. Mwaka 1994, muswada wa serikali ya Uingereza uliolenga mikesha ya muziki wenye "mapigo ya kujirudia" ulipokuwa bungeni, kundi la Autechre lilitoa Anti EP. Humo mna Flutter, iliyotungwa ili pasiwe na mizani mbili (vipande vifupi vya hesabu ya mapigo) zenye mapigo yanayofanana. Kibandiko kwenye jalada kiliwashauri madijei wawe na wakili na mtaalamu wa muziki karibu.

Kwa sikio langu, kazi za kitini zilizo imara zaidi hazikuifukuza ngoma. Sikiliza Xtal ya msanii Aphex Twin, inayofungua albamu ya Selected Ambient Works 85-92. Sauti ya mwanamke inapumua juu ya kodi laini, na chini yake mapigo yanaendelea, yamefifishwa kana kwamba dansi iko chumba cha pili na mlango umerudishiwa.