Mashine ya kahawa nyumbani Mwanza: tunaogopa umeme, tunamsahau fundi

Mtu akisema hapa Mwanza kwamba anataka kununua mashine ya kahawa ya nyumbani, ile ya kubonyeza kitufe ikasaga buni, ikachuja na kujaza kikombe yenyewe, swali la kwanza analoulizwa halihusu ladha. Anaulizwa, "LUKU utaiweza?" La pili huwa kama ana hela za kuchezea. Mjadala unaishia hapo, na yeye anarudi kwenye kopo lake la kahawa ya kuyeyusha.

Kwa maoni yangu mashine hizi zinahukumiwa kwa kosa ambalo si lao. Makosa wanayo watengenezaji wake, tena mengine makubwa, lakini la umeme halimo.

Tuianze namba inayotisha. De'Longhi Magnifica S, mojawapo ya mashine za bei ya chini katika kundi hili, imeandikwa wati 1,450. Philips za mfululizo wa 2200 ni wati 1,500. Mtu ambaye taa zake za sebuleni ni za wati 9 akisoma hivyo lazima ashtuke. Ila kinachokatwa kwenye LUKU, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, ni uniti, na uniti ni wati mara muda: wati 1,000 kwa saa nzima ndiyo uniti moja. Pasi nayo haiko mbali na wati hizo, na Jumapili jioni inakaa kwenye soketi mpaka sare za watoto wote ziishe. Mashine ya kahawa inapasha maji kidogo, inanyamaza.

Hata hivyo tuibane, tuihesabie zaidi ya inavyotumia. Tuseme kila kikombe kinakula dakika mbili kamili za nguvu yote, kujisuuza kukiwemo. Hiyo ni uniti 0.048. Nyumba inayokunywa vikombe vinne kwa siku itatumia uniti 0.19, na kwa mwezi wa siku 30 ni kama uniti 5.8.

Sasa tuiweke mahali panapouma. Mteja wa majumbani aliye kwenye bei nafuu ya TANESCO hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na kinachozidi hapo ni shilingi 350, kabla ya kodi na tozo. Nyumba inayotumia uniti 60 itaongezewa shilingi 580 tu. Iliyokwisha kugonga 75 italipa kama 2,030. Elfu mbili na kidogo, mwezi mzima, vikombe 120. Nimeirudia hesabu hii kwa kuwa kila ninayemwonyesha anadhani nimeruka tarakimu mahali.

Tena iangalie pembeni ya birika la umeme la lita moja na nusu, ambalo tunalijaza hadi juu ili tupate vikombe viwili. Kuchemsha maji hayo yote kunakula kama uniti 0.13. Vikombe viwili vya mashine, kwa hesabu yangu ile ya kuzidisha, havifiki 0.1. Sijamsikia mtu akimuuliza mwenye birika kama LUKU ataiweza. Sharti ni moja tu: mashine isiachwe imewaka asubuhi nzima ikijipasha. Nyingi zina kipimo cha kujizima. Kiweke kwenye dakika chache kabisa.

Umeme unaotakiwa kuogopwa ni ule wa kupanda na kushuka. Ndani ya mashine kuna bodi ya kielektroniki, na hiyo ndiyo huungua umeme unaporudi kwa kishindo. Watu hukimbilia frijigadi, kile kifaa cha soketi cha kukata umeme ukiyumba, jambo jema, lakini wengi hawasomi ampea. Wati 1,450 kwenye volti 230 ni ampea 6.3. Frijigadi ya ampea 5 haitoshi hapo. Chukua ya ampea 13.

Tuje kwenye kahawa yenyewe, maana hapa ndipo hoja ya mashine inapopata nguvu kwa mtu wa kanda hii. Ng'ambo ya ziwa ni Kagera, nchi ya robusta, ambako Wahaya walikuwa wakitafuna buni zilizochemshwa kabla Mjerumani hajafika. Kiwanda cha TANICA cha kahawa ya kuyeyusha kiko Bukoba. Upande wa Mara, Tarime kuna arabika. Sisi tumekaa katikati ya mashamba hayo, na kahawa iliyozoeleka majumbani kwetu ni ya kopo. Mashine inayosaga yenyewe inakuruhusu kununua buni zilizokaangwa juzi na kuzisaga dakika ile ile unapokunywa. Kahawa ikishasagwa harufu yake inaondoka haraka, na hakuna pakiti inayoweza kuirudisha.

Wapo wanaoshauri mashine ya kapsuli, vile vikopo vidogo vya kahawa iliyosagwa tayari, kwa sababu ni rahisi kununua na haina uchafu. Kweli ni rahisi, siku ya kwanza. Baada ya hapo umefungwa. Kapsuli lazima ziwe za umbo linaloingia kwenye mashine yako, ziagizwe, na zikiisha dukani unabaki na pambo la jikoni. Na sielewi mtu wa Kirumba, ambaye meli ya Bukoba inatia nanga karibu na kwake, anunue kahawa iliyofungwa Uswisi gramu tano tano.

Kuna wanaodharau robusta wakisema ni kahawa ya kopo. Robusta ni chungu zaidi na kafeini yake inakaribia mara mbili ya arabika. Lakini Waitalia huichanganya kwa makusudi kwenye espreso, ile kahawa nzito ya kikombe kidogo, kwa sababu ndiyo inayotoa povu zito la rangi ya asali juu ya kikombe. Ukiichanganya na arabika ya Tarime, robusta ikiwa theluthi moja hivi, utaelewa wanafuata nini.

Gharama nayo tuiguse. Tuseme kilo ya buni ni 25,000 na kikombe kinachukua gramu 9: ni shilingi 225. Tuseme mashine ni milioni 1.8 na inadumu miaka mitano kwa vikombe vinne kwa siku: ni shilingi 247 nyingine. Weka bei zako mwenyewe uone. Bado utakuwa chini sana ya kapuchino ya hotelini, na juu ya kahawa chungu ya mtaani, ambayo inakuja na kashata pamoja na habari za mji, vitu ambavyo mashine haitoi.

Maji yanatubeba. Vitabu vya maelekezo vya mashine hizi vinatumia kurasa nyingi kuonya kuhusu chokaa inayoganda kwenye mabomba, na ni kweli, sehemu zenye maji magumu chokaa ndiyo huua mashine. Maji ya Ziwa Victoria ni laini. Aliye kwenye bomba la MWAUWASA ana nafuu ambayo mtu wa Dodoma anaitamani. Anayetumia kisima asijiaminishe: baadhi ya mashine huja na kikaratasi cha kupima ugumu wa maji, akichovye kwanza. Na maji yawe yale yale mnayokunywa, yaliyochemshwa au kuchujwa, kwa sababu mashine inayapasha sekunde chache tu.

Haya, wanaopinga. Hoja yao bora siyo wanayoitoa. Wangesema hivi: Mwanza iko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, na hilo ndilo joto ambalo kahawa inalitaka, kati ya 90 na 96. Maana yake mtu mwenye jiko la gesi, sufuria na chujio la kitambaa anapata joto sahihi bila mashine yoyote. Akiongeza kisagio cha mkono, amemaliza, tena umeme ukikatika bado anakunywa. Kwa nyumba yenye mnywaji mmoja, hoja hii inanishinda kabisa. Kwa nyumba ya wanywaji wanne wanaoamka saa tofauti, mmoja wa zamu ya usiku hospitali ya Bugando, mwingine wa kuwahi Nyegezi stendi, haishindi.

Hoja yao ya pili ni mawe. Buni za mtaani mara nyingi hukaushwa chini, na kijiwe kimoja kikiingia kwenye kisagio kinang'oa meno au kukifunga kabisa. Dawa ni ungo. Zimwage, zitandaze kwa kiganja, toa vijiwe na punje zilizoungua hadi zikang'aa kwa mafuta, maana hizo nazo hugandamana ndani. Ni kazi ya dakika tano kwa wiki, na anayeona dakika tano ni nyingi aache kabisa wazo la mashine. Ataiacha pia ndoo ya ndani ya machicha bila kumwaga, na siku ya tatu akiivuta atakuta keki zile ndogo za kahawa zimeota ukungu mweupe, na mende wamehamia nyuma kwenye joto.

Ya tatu ndiyo nzito: fundi. Mashine ikigoma hapa, huna pa kuipeleka kwa urahisi. Ndiyo maana mimi chapa naiweka nyuma, na namba za baa, yaani kipimo cha shinikizo la maji, zilizoandikwa kwenye boksi, 15 au 19, sizisomi, kwani espreso inachujwa kwenye baa 9 hivi. Ninachoangalia ni kile kifaa cha ndani kinachoshindilia kahawa na kupitisha maji. Kwenye De'Longhi na Philips za nyumbani unafungua kijimlango, unakivuta, unakisuuza chini ya bomba, unakipaka grisi ya silikoni inayoruhusiwa kwenye chakula, unakirudisha. Kwenye Jura hakitoki. Unatumia vidonge vya kusafishia vya kuagiza, na kikikwama mashine lazima ifunguliwe na anayejua. Jura ni mashine nzuri sana, kwa mtu anayekaa karibu na karakana yao.

Maziwa nayo yana mtego. Zile zenye kijagi na mpira wa kuvuta maziwa zinapendeza dukani, lakini maziwa yakibaki kwenye mpira kwa joto letu yameshachacha kabla ya adhuhuri. Bomba la mvuke la kawaida unalifuta kwa kitambaa, umemaliza.

Na kwa wanaotafuta iliyotumika, iliyoletwa kutoka Ulaya au Dubai: angalia kibandiko cha nyuma kiseme volti 220 hadi 240, kwa sababu za Marekani ni za 120. Kisha mwambie muuzaji afungue kijimlango na akitoe kifaa kile mbele yako. Kikitoka kikiwa kimekauka na kugandamana unga mweusi, punguza bei. Kikikataa kutoka, muage.